Mitego ya panya ya bei nafuu: kuchagua na kutega uani, Dar es Salaam

Panya wa uani hamalizwi na mtego mmoja mzuri. Humalizwa na mitego sita, minane au kumi na miwili ya bei ya kawaida, iliyotegwa usiku mmoja kwenye njia wanazopita. Kosa linaloonekana nyumba hadi nyumba ni lile lile: mtu ananunua mtego mmoja, anauweka katikati ya jiko, ananasa kipanya kimoja siku ya kwanza, halafu wiki nzima hapati kitu. Mtego unatupwa juu ya kabati, unalaumiwa, na panya wanaendelea kuzaana. Mimba ya panya ni siku 21 hadi 23, na kila uzao huwa na watoto sita hadi kumi na wawili, kwa hiyo ukinasa mmoja kwa wiki hujapunguza chochote.

Tuanze na njia mbili ambazo watu huulizia kabla ya mtego.

Ya kwanza ni bunduki ya upepo. Kwa viwanja vya Dar haifai. Panya hutoka usiku, na nyumba zetu zimebanana. Kidonge cha milimita 4.5 kikikosa shabaha husafiri zaidi ya mita mia mbili, na kikigonga tofali au jiwe hurudi upande usioutarajia. Upande wa pili wa ukuta wako kuna mtoto wa jirani, tangi la maji na bati la mtu. Tena mambo ya silaha ni ya kuwauliza polisi kwanza, na fedha ya kununulia bunduki inatosha mitego ya mtaa mzima.

Ya pili ni sumu, na hapa tunaomba usikilize vizuri. Ile inayopita mtaani na kipaza sauti, dawa ya panya, mende na kunguni, mara nyingi huuzwa kwenye vifuko visivyo na lebo. Mtoto akiila, daktari atakuuliza ni sumu gani, nawe hutakuwa na jibu. Tofauti ni kubwa: sumu zinazozuia damu kuganda, kama bromadioloni na brodifakumu, hutibiwa kwa vitamini K1, lakini zinki fosfidi hutoa gesi ya fosfini tumboni na haina dawa ya kuipinga. Panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda hachukui saa moja kufa, huchukua siku kadhaa. Katika siku hizo hutembea kama mlevi, paka anamla, bundi anamla, nao wanaugua. Asipoliwa anaenda kufia juu ya dari ya jipsamu, na kwa joto la Dar utaishi na harufu hiyo wiki mbili. Kama ni lazima utumie sumu, nunua yenye lebo kamili, jina la kiambato na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na uiweke ndani ya kisanduku kilichofungwa. Lakini anza na mtego.

Vile vifaa vya kuchomeka kwenye umeme vinavyosemekana kutoa sauti ya kufukuza panya, okoa fedha yako. Panya huizoea sauti hiyo ndani ya siku chache, na haipiti ukuta wala kabati.

Mjue unayemtega

Mtego mdogo hauui panya mkubwa, na mtego mkubwa hauhisi uzito wa kipanya. Kwa hiyo kagua kinyesi kabla ya kwenda dukani.

Kinyesi cha milimita 3 hadi 6, kama punje za mchele, ni cha kipanya wa nyumbani. Ana gramu 15 hadi 20 na hupita kwenye tundu linaloingia penseli. Kinyesi cha milimita 12 hivi chenye ncha mbili zilizochongoka ni cha panya wa paa. Huyu ndiye msumbufu mkuu wa nyumba za Dar: masikio makubwa, mkia mrefu kuliko kichwa na mwili wake vikiunganishwa, hodari wa kupanda. Ndiye anayekimbia juu ya dari saa tano usiku, anayetoboa nazi ikiwa mnazini, anayepita juu ya waya wa umeme kutoka nyumba hadi nyumba. Kinyesi cha karibu milimita 18 hadi 20, butu pande zote, ni cha panya wa mashimo, yule mzito wa mitaro na masoko, ambaye mkia wake ni mfupi kuliko mwili. Huchimba mashimo ya upana wa sentimita 6 hadi 9 kando ya msingi, chini ya banda la kuku, karibu na karo.

Wengi huita kila panya mkubwa "buku". Panya buku halisi ni mnyama mwingine: hufika kilo moja na zaidi, ana vifuko mashavuni na nusu ya mwisho ya mkia wake ni nyeupe. Ndio wale ambao shirika la APOPO huwafundisha pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mitego tunayoizungumzia hapa haimtoshi, itamjeruhi tu. Akionekana uani, ziba mashimo na ondoa chakula, ataondoka.

Kuna mwingine wa kumwacha: kirukanjia. Ana pua ndefu iliyochongoka, macho madogo na harufu kali. Si panya hata kidogo. Anakula mende na wadudu wengine, na ukimuua umejiongezea mende.

Njia zao zitafute jioni kwa tochi. Panya hutembea akigusa ukuta kwa sharubu, na mafuta ya manyoya yake huacha michirizi myeusi kwenye pembe za ukuta, kwenye boriti na pale bomba linapoingia ndani. Usipokuwa na uhakika, nyunyiza unga wa ngano kidogo sana, tabaka jembamba la ukubwa wa sahani, sehemu tano au sita kando ya ukuta kabla ya kulala. Asubuhi nyayo zitakwambia wapi pa kutega na wapi pa kuacha. Kazi hii ya usiku mmoja ina faida kuliko kununua mtego wa bei mara mbili.

Kuchagua mtego

Mtego wa ubao wenye springi ndio unaolipa fedha yako. Kwa panya wakubwa tafuta wa urefu wa sentimita 17 na upana wa 8 hivi. Kwa vipanya, wa sentimita 10 kwa 5. Maduka ya Kariakoo ya vifaa vya nyumbani na vya ujenzi huwa nayo, na hata wamachinga huiuza, lakini usichukue uliofungwa kwenye karatasi bila kuukagua. Omba kuujaribu palepale.

Angalia mambo haya. Springi ziwe mbili, kushoto na kulia, zenye mizunguko sawa. Ya upande mmoja ikiwa legevu, upinde, yaani ule waya unaompiga panya, hupiga kwa kuinama na panya hunaswa mguu badala ya shingo. Upinde ukitua ulale bapa kwenye ubao pande zote. Vipini vya waya vilivyopigiliwa kwenye ubao viwe vimezama, maana ndivyo vinavyong'oka kwanza. Kisha utege na usukume ulimi, yaani kile kibati kinachoshika chambo, kwa kijiti cha kiberiti: ufyatuke kabla kijiti hakijapinda. Mwisho weka penseli chini ya upinde na uufyatue. Mtego wa panya mkubwa uache alama ya kina kwenye penseli au uivunje. Ukiacha mkwaruzo tu, utatesa panya bila kumuua.

Ya plastiki yenye meno, inayofunguka kama mdomo wa mamba, ni rahisi kutega kwa mkono mmoja na haiumizi vidole. Ni chaguo zuri kwa mwenye mikono dhaifu, na haivimbi wakati wa masika kama ubao. Tatizo lake ni ubora: plastiki nyembamba hupasuka kwenye ekseli baada ya kufyatuka mara chache, hasa ikiachwa juani. Ikunje kidogo kwa vidole. Ikitoa mlio wa kukatika, irudishe.

Kizimba cha waya humnasa panya akiwa hai, nacho hutumika tena na tena. Bei ya kimoja hununua mitego kadhaa ya ubao. Kinafaa sehemu moja hasa: nyumba yenye watoto wanaotambaa au kuku wanaozurura mchana kutwa. Lakini jiulize kabla ya kununua, asubuhi utamfanya nini? Kumzamisha kwenye ndoo ni kifo cha taratibu na cha mateso. Kumpeleka kumwachia kwenye kiwanja kisichojengwa ni kumhamishia mwenzio tatizo. Aliye tayari kumpiga pigo moja la haraka kichwani ndiye anayepaswa kuwa na kizimba.

Gundi tusingependa kuiona uani mwa mtu. Panya hulia usiku kucha, hujing'oa ngozi, na hufa kwa kiu. Nje ya nyumba vumbi huiua gundi ndani ya siku moja, na kabla haijafa imeshanasa mijusi, kirukanjia na kifaranga. Ukimkuta mjusi, usimvute: mpake mafuta ya kupikia taratibu mpaka aachie.

Ndoo ya maji yenye kopo linalozunguka inajulikana tangu mashambani na inanasa vipanya wengi kwa usiku mmoja. Mjini ina kasoro ya kuzamisha tuliyoitaja, na ina nyingine: maji yaliyosimama siku saba ni kitalu cha mbu. Jiji hili lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Usiache ndoo ya namna hiyo uani.

Idadi: kwa nyumba ya vyumba vitatu yenye ua wa kawaida, nunua mitego minane mikubwa. Ukiona kinyesi cha aina mbili, ongeza minne midogo. Chini ya sita usianze.

Handaki la tofali

Mtego wa wazi uani ni hatari kwa paka, kuku na vidole vya mtoto. Visanduku vya kufunika mitego vinauzwa, lakini ukuta wako na tofali mbili za inchi 6 vinatosha.

Simamisha tofali moja kwa ubavu wake, sambamba na ukuta, ukiacha nafasi ya sentimita 20 kati ya tofali na ukuta. Tofali la kawaida lina urefu wa sentimita 45 na likisimama hivyo linapata kimo cha 23 hivi, kwa hiyo upinde una nafasi ya kuruka bila kugonga. Hilo ndilo jambo watu hukosea: hufunika mtego kwa kitu kifupi, upinde unagonga paa la kifuniko, unapoteza nguvu, panya anatoka na jeraha. Bomba la inchi 4 halifai kwa mtego mkubwa kwa sababu hiyo hiyo. Chini ya inchi 6 usijaribu.

Funika juu kwa kipande cha ubao na uweke jiwe zito. Vunja tofali la pili vipande viwili, ziba kila mlango wa handaki na uache upenyo wa sentimita 7 upande wa ukutani. Panya ataingia, mkono wa mtoto mdogo hautaufikia mtego kirahisi, kuku hatapita. Paka aliyekua hatapita. Handaki hili linampendeza panya kuliko sehemu wazi, kwani anapenda kutembea akiwa amefunikwa, na linazuia mvua isivimbishe ubao. Jenga mawili: moja nyuma ya jiko, jingine karibu na taka au banda la kuku.

Kwenye dari hakuhitajiki handaki, lakini kila mtego ufungwe kwa waya wa kufungia nondo kwenye mbao za kenchi. Panya aliyenaswa mguu huuburuta mtego hadi pembeni usikoweza kufika, na hapo utatafuta harufu kwa tochi wiki nzima.

Chambo

Watu hutumia dagaa, na dagaa hufanya kazi. Kasoro ni kwamba dagaa humwita pia paka wa jirani na kirukanjia. Kwa hiyo weka dagaa wa kukaanga juu ya dari tu, mahali paka hafiki. Nje na jikoni tumia kitu cha mmea: mbata, yaani nazi kavu, iliyochomwa kidogo mpaka inukie, au karanga zilizokaangwa na kusagwa zikachanganywa na matone ya mafuta. Panya wa paa wa pwani hii amekulia juu ya mnazi, na mbata iliyochomwa anaifuata.

Usiweke ndizi mbivu wala papai kwenye mtego ulio juu ya paa, ukuta au mti. Komba wapo kwenye bustani nyingi za jiji, hupenda matunda, na mikono yao huingia popote. Kwa sababu hiyo hiyo usitege kabisa kwenye matawi.

Kiasi kiwe kama punje ya maharage, si zaidi. Chambo kingi humwezesha panya kula pembeni bila kugusa ulimi. Kipande cha mbata kifunge kwenye ulimi kwa uzi wa kushonea, mizunguko mitatu na fundo, ili alazimike kuvuta. Karanga zilizosagwa zipake chini ya ulimi na ndani ya matundu yake, si kuzirundika juu.

Sisimizi ndio wezi wakubwa wa chambo Dar. Wakikipata saa mbili usiku, panya akija saa tano anakuta ulimi mtupu. Weka chambo jioni kabisa, kibadilishe kila siku, na unyunyize majivu makavu kuuzunguka mtego, duara la upana wa vidole vinne. Mvua au umande ukiyalowesha, badilisha.

Usiku wa kutega

Panya aliyekua huogopa kitu kipya. Ukitega siku ile ile uliyonunua, utanasa watoto na wajinga, na wale wazazi watajifunza. Ndiyo maana siku tatu au nne za mwanzo mitego iwekwe mahali pake ikiwa na chambo lakini haijategwa. Waache wale. Kila asubuhi andika ni mitego ipi imeliwa. Ile ambayo haijaguswa usiku wa tatu, ihamishe hata mita mbili tu, mpaka iguswe.

Usiku wa nne au wa tano, tega yote kwa pamoja.

Mtego usimame kwa pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Panya akitoka kushoto au kulia atapita juu ya ulimi. Ukiulaza sambamba na ukuta, anayetoka upande wa nyuma ya upinde hurushwa na upinde badala ya kubanwa. Kwenye njia inayotumika sana weka miwili kando kwa kando, ikiachana vidole vitatu. Wapo wanaoruka mtego wa kwanza na kutua kwenye wa pili. Umbali kati ya kituo na kituo uwe mita moja na nusu hadi tatu. Sakafu iwe sawa: mtego unaoyumba hufyatuka kwa mtikisiko wa panya anayekaribia. Weka mchanga mkavu chini yake, usawazishe kwa kiganja.

Wakati wa kutega, shika ubao kwa kingo za nyuma, vidole vikiwa upande usiopigwa na upinde. Weka chambo kwanza, tega baadaye. Kubeba mtego uliotegwa umbali mrefu ni kutafuta kidole kilichovimba, kwa hiyo utege palepale unapokaa.

Kagua asubuhi kabla ya watoto kuamka, na usiku huo huo kabla ya kulala ukiweza. Mitego mingi hufyatuka saa moja au mbili za mwanzo baada ya giza, na mtego uliofyatuka ni kipande cha ubao tu mpaka utegwe tena. Endelea usiku tano mfululizo. Idadi itakuwa kubwa usiku wa kwanza na wa pili, kisha itashuka.

Kinachoharibika

Chambo kimekwisha na mtego haujafyatuka: kama kinyesi kilichoachwa ni cha ukubwa mdogo, ni kipanya aliyekula kwenye mtego mkubwa, weka mdogo karibu. Kama hakuna kinyesi ni sisimizi. Kama ni panya mkubwa, kijiti cha kushikilia upinde kimezama mno kwenye ulimi. Kikwangue ncha kwa msasa au upinde ulimi kidogo kwa koleo mpaka kijiti kishike kwa ukingo tu.

Umefyatuka na hamna kitu, au una nywele chache: springi imechoka, mtego umewekwa ubavu, au panya ni mkubwa kuliko mtego. Mkia peke yake ukinaswa, mtego umekaa mbali na ukuta.

Hakuna kinachogusa chochote kwa wiki nzima: panya wana chakula bora mahali pengine. Tafuta ni wapi. Mara nyingi ni pumba ya kuku iliyo wazi, sahani ya mbwa inayolala nje, au embe zinazodondoka usiku.

Kutu ni adui wa Kigamboni, Msasani na popote upepo wa bahari unapofika. Springi hupoteza nguvu ndani ya miezi michache. Paka mafuta ya kupikia kwenye springi na vipini kila baada ya wiki mbili. Usitumie mafuta ya taa wala oili chafu, harufu yake huwafukuza. Harufu ya panya wengine haiwafukuzi, kwa hiyo mtego wenye damu si lazima uoshwe kwa sabuni. Uuloweshe kwa maji ya jiki, uukaushe kivulini na kuutega tena. Hofu ya harufu ya mikono ya binadamu imekuzwa mno. Panya wako anaishi nawe, anakujua.

Kushika maiti

Glavu ni kwa ajili yako. Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, ugonjwa uliopewa jina la homa ya mgunda uliua watu, na ulipopimwa ukakutwa ni leptospirosisi. Bakteria wake hukaa kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia kupitia mchubuko au macho, hasa majini. Msimu wa masika, maji ya mitaro yakiingia uani, hatari hupanda. Na viroboto wa panya ndio waliobeba tauni kule Lushoto kwa miaka mingi. Panya akipoa, kiroboto humwacha na kutafuta damu nyingine.

Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, upya kila siku. Mwagie panya na mtego wake vilowane, subiri dakika kumi. Kisha mfungue ukiwa na glavu za mpira. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, basi mweke kwenye mfuko wa unga uliokwisha, ufunge, na umzike kina cha nusu mita mbali na kisima, au mtie kwenye taka siku ile ile gari linapopita. Usimrushe mtaroni. Kinyesi kikavu kwenye dari usikifagie: kiloweshe kwanza kwa maji ya jiki, kisha kifute.

Kuziba

Wakishapungua, ziba; usizibe kabla, utawafungia ndani. Tundu lolote linaloingia penseli ni mlango wa kipanya, na linaloingia kidole gumba ni mlango wa panya mchanga. Povu la kupulizia na matambara hutafunwa usiku mmoja. Sindilia stilwaya ya kusugulia sufuria, kisha sakafia kwa saruji moja na mchanga tatu. Kwenye matundu ya hewa ya ukutani na nyuma ya fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, piga wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6. Wavu wa mbu wa plastiki hauzuii chochote. Chini ya mlango wa nyuma pigilia ukanda wa bati.

Kata matawi ya mwembe yaliyo karibu na bati, yabaki mbali mita mbili. Mnazi uzungushie mkanda wa bati laini, upana wa nusu mita, juu ya mita mbili kutoka chini, na uulegeze kila mwaka mti unavyonenepa.

Kwenye nyumba za kupanga zenye paa moja, chumba kimoja kikitega na vitano vikilala, panya huhama chumba tu. Ongeeni na mwenye nyumba au mjumbe, mchange mitego, mtege wote wiki moja. Mitego minane ikigawanywa kwenye vyumba vinne vya paa moja hufanya kazi kuliko minane kwa mpangaji mmoja.

Baada ya hapo acha mitego miwili ikiwa imetegwa ndani ya mahandaki mwaka mzima, na unyunyize unga wa nyayo mara moja kwa mwezi. Machi, kabla mvua hazijajaza mashimo yao na kuwasukuma kuelekea nyumbani, itoe yote minane, ijaribu kwa penseli, paka mafuta, na uirudishe ukutani bila kutega kwa usiku tatu.